MAZIWA YA MAMA NA VIRUSI VYA UKIMWI: MTOTO NI AMANA YA NYUMBA NZIMA

(Hotuba hii ilitolewa kwa vijana na wazazi wa Fort Ternan baada ya swala ya Alasiri. Tumeichapa ili na wewe msomaji ambaye hukuhudhuria upate kuisoma na watu wa nyumbani kwako.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.), aliyemuumba mwanadamu na akamwandalia riziki yake kifuani mwa mama yake kabla hajatoka tumboni. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Amma baad.



Mimi ni muuguzi. Nilipoombwa nizungumze juu ya afya katika mwezi huu mtukufu, huenda mlitarajia niongee juu ya kisukari na vidonda vya tumbo, maana hayo ndiyo maswali ya kila Ramadhan. Leo nimechagua jambo ambalo tunalisema kwa minong'ono tu. Mama mwenye virusi vya UKIMWI, amlishe nini mtoto wake mchanga?

Najua yupo atakayesema, "Haya si maneno ya msikitini." Ndugu yangu, Qur'ani yenyewe imezungumzia kunyonyesha. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, tunakuta habari ya miaka miwili kwa anayetaka kuikamilisha, wajibu wa baba kumlisha na kumvisha mama, na baba na mama kushauriana katika kumwachisha mtoto ziwa. Ikiwa jambo hili lina nafasi katika Kitabu, vipi sisi tuone haya kulizungumza mbele ya watu wanaoumia nalo?

MAMA WA KARIBU NA RELI

Hebu tuanze na mfano. Mfano huu si wa mtu mmoja, nimeukusanya kutoka mambo yanayotokea katika nyumba nyingi, kwa hivyo mtu asianze kugeuza shingo kumtafuta jirani yake.

Yupo mama kijana anayekaa hapa bondeni, karibu na reli ya Kisumu. Mumewe anafanya kazi huko juu kwenye mashamba ya chai ya Kericho, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mama huyu alipimwa kliniki alipokuwa mjamzito, akaambiwa ana virusi, akaanzishiwa dawa. Amejifungua salama. Muuguzi akamwambia: "Mnyonyeshe mtoto, na usiache dawa hata siku moja."

Akafika nyumbani. Mama yake mzazi, ambaye ndiye pekee anayejua siri ile, akashtuka: "Ati unyonyeshe? Mwaka 2003 dada yako aliambiwa asithubutu kumtia mtoto ziwani!" Mama mkwe, ambaye hajui lolote, akaja na lake: "Mtoto huyu analia njaa, maziwa yako ni mepesi. Mpe uji wa wimbi, mpe na mursik kidogo kama walivyolelewa wenzake." Halafu Ramadhan ikaingia. Dawa yake yeye humeza asubuhi. Sasa anafunga, na hata kama hafungi, anaona haya kuonekana akimeza kidonge mchana. Siku ya kwanza akaacha, ya pili akaacha, ya tatu akasema nitameza baada ya Iddi.

Ndugu msomaji, huyu mama hana ubaya na mwanawe. Wala mama yake, wala mama mkwe wake. Wote wanampenda mtoto, na bado mtoto yumo hatarini. Basi tuyachukue mambo hayo matatu moja moja: ushauri wa mama mzazi, uji wa mama mkwe, na kidonge cha Ramadhan.

USHAURI WA ZAMANI NA USHAURI WA LEO

Mama mzazi hakuzua neno. Hivyo ndivyo wengi walivyoambiwa miaka ile.

Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa Kenya alijulikana mwaka 1984. Baadaye ikabainika kwamba virusi vinaweza kumfikia mtoto kwa njia tatu: akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, na kwa kunyonya. Tukiwachukua akina mama 100 wenye virusi, wasiotumia dawa yoyote na wanaonyonyesha, watoto watakaoambukizwa ni kati ya 20 na 45. Angalia vizuri hesabu hiyo. Ni hatari kubwa, lakini hata bila dawa si kila mtoto huambukizwa, kinyume cha wanavyodhani wengi.

Kati ya mwaka 1992 na 1998, Profesa Ruth Nduati wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliwafuatilia akina mama 425 wenye virusi jijini Nairobi. Kundi moja lilinyonyesha, kundi jingine likatumia maziwa ya mkebe. Matokeo yakatolewa mwaka 2000. Watoto walipofika miaka miwili, walioambukizwa katika kundi la kunyonya walikuwa karibu 37 kwa kila 100, na katika kundi la mkebe karibu 21. Daktari gani angeziona hesabu hizo halafu amwambie mama anyonyeshe?

Lakini ile habari ilikuwa na upande wa pili, ambao haukufika vijijini. Vifo vya watoto katika makundi yale mawili havikutofautiana sana. Tena akina mama wale walikubaliwa kuingia katika utafiti wakiwa na maji safi ya mfereji. Sasa jiulize wewe unayekaa hapa na kuchota maji mtoni: maziwa ya unga utayachanganya na maji gani?

Wenzetu wa Botswana walilijua hilo kwa uchungu. Serikali yao ilikuwa ikiwapa akina mama wenye virusi maziwa ya mkebe bure, kwa nia njema kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 2006, mvua kubwa ikanyesha, maji yakachafuka, kuhara kukaenea. Watoto wengi wachanga wakafa. Wachunguzi walipokwenda, wakakuta kwamba jambo lililowaweka watoto hatarini kuliko yote ni kutonyonya. Mtoto ameepushwa na virusi, akachukuliwa na kuhara.

Hapo ndipo swali likabadilika. Badala ya kuuliza "anyonyeshe au asinyonyeshe?", wataalamu wakauliza: tufanye nini ili maziwa ya mama yawe salama? Jibu likawa dawa za ARV.

Na sehemu ya jibu hilo imetoka karibu sana na sisi. Pandisha treni hapa uelekee magharibi, utafika Kisumu. Huko, kati ya mwaka 2003 na 2009, akina mama 522 walipewa dawa tatu kwa pamoja kuanzia wiki ya 34 ya ujauzito, wakaendelea nazo miezi sita wakinyonyesha. Watoto walipofika miezi sita, walioambukizwa walikuwa 5 kwa kila 100. Kufikia miaka miwili walikuwa 7. Utafiti mwingine ulipewa jina la Kiswahili, Kesho Bora. Ulifanyika Mombasa, Nairobi, Burkina Faso na Afrika Kusini, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2011. Ulionyesha kwamba mama akiendelea na dawa tatu wakati wa kunyonyesha, maambukizi kwa watoto wa mwaka mmoja hupungua kwa asilimia 43 kuliko kwa wale waliopewa dawa za muda mfupi tu. Kisha utafiti mkubwa wa nchi kadhaa za Afrika na India, uliochapishwa mwaka 2018, ukaonyesha kwamba mama anapotumia dawa zake, watoto wanaoambukizwa kwa kunyonya hadi mwezi wa 12 ni chini ya 1 kwa kila 100.

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wake mwaka 2010, na likauongeza mwaka 2016. Leo mama mwenye virusi anayetumia dawa vizuri anashauriwa anyonyeshe kama mama mwingine: maziwa yake peke yake miezi sita, kisha chakula pamoja na ziwa hadi angalau mwaka mmoja, na anaweza kufika miaka miwili na zaidi. Hata Marekani, ambako kwa miaka mingi mama kama huyu alikatazwa kabisa, tangu mwaka 2023 madaktari huketi naye na kumsaidia aamue mwenyewe.

Kwa hivyo mama mzazi alisema kweli ya mwaka 2003, na muuguzi anasema kweli ya leo. Kilichobadilika ni dawa. Lakini sitakudanganya niseme hatari imekwisha kabisa. Imekuwa ndogo sana kwa mama anayemeza dawa kila siku na virusi vyake vimepungua hadi havionekani kwenye kipimo. Kwa mama aliyeacha dawa, tumerudi kwenye hesabu za zamani.

UJI, MURSIK NA MAJI YA SUKARI

Sasa twende kwa mama mkwe. Huku kwetu mtoto wa mwezi mmoja akilia sana, dawa inajulikana: maji ya sukari, uji mwepesi, maziwa ya ng'ombe. Kogo, yaani nyanya kama wasemavyo jirani zetu Wakipsigis, hakubali mtoto alale kwa "maziwa matupu".

Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, wataalamu walilinganisha watoto walionyonya tu na wale waliochanganyiwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2007. Watoto waliopewa vyakula vizito juu ya ziwa walikuwa katika hatari ya kuambukizwa karibu mara 11 kuliko walionyonya tu. Waliochanganyiwa na maziwa mengine, karibu mara mbili. Ilikuwa kabla akina mama wengi hawajapata dawa za kila siku, lakini fundisho lake linabaki.

Kwa nini iwe hivyo? Utumbo wa mtoto mchanga ni laini mno. Maziwa ya mama huupaka na kuulinda. Chakula kizito na maji yenye uchafu huufanya uvimbe na kupata michubuko midogo, na hapo virusi hupata mlango. Ndiyo maana tunasisitiza: miezi sita ya kwanza, ziwa peke yake. Hata maji hapana, hata siku za joto. Dawa alizoandikiwa na daktari hizo apewe.

Na ikitokea kwamba bibi ameshampa uji wewe ukiwa shambani? Usichanganyikiwe, na usimwachishe mtoto ziwa ghafla. Mama akiwa kwenye dawa, kuchanganya kwa bahati mbaya si sababu ya kuacha kunyonyesha. Rudi kwenye ziwa peke yake, endelea na dawa, na uwaambie kliniki.

Yapo mambo mawili ya dini hapa ambayo huwa naulizwa.

La kwanza ni tahnik, ile sunna ya kumtia mtoto mchanga tende kidogo kinywani. Zamani tende ilitafunwa na mtu mzima kwanza. Mwaka 2009 madaktari wa Marekani waliandika habari za watoto walioambukizwa kwa kulishwa chakula kilichotafunwa na mlezi mwenye virusi, ambaye fizi zake huweza kutoa damu. Basi usitafune. Tusisahau kwamba ushauri wa kliniki ni maziwa ya mama tu, kwa hivyo zungumza kwanza na muuguzi na sheikh wako. Familia ikishikilia sunna yake, tende ilainishwe kwa mkono uliooshwa kwa sabuni, iwe ni kupaka kidogo tu na mara moja tu, isigeuke kuwa mlo.

La pili ni mama wa kunyonyesha. Sote tunajua Mtume (S.A.W.) alinyonyeshwa na Bi Halima. Wapo wanaosema, "Basi shangazi yake amnyonyeshe." Inawezekana, lakini shangazi naye apimwe kwanza, na arudie kupimwa. Pia mkumbuke kwamba kunyonyesha huleta undugu, na undugu huo huzuia ndoa baadaye. Uandikeni, usije ukasahauliwa.

KIDONGE CHA RAMADHAN

Hili la tatu ndilo lililonileta hapa leo hasa.

Wengi wanaotumia ARV Kenya siku hizi humeza kidonge kimoja kwa siku. Kimoja tu! Kidonge cha aina hiyo hakipigani na saumu. Unaweza kukimeza wakati wa kufuturu, au baada ya Taraweh kabla ya kulala, au wakati wa daku, mradi saa iwe ileile kila siku. Kama ulizoea asubuhi, waulize kliniki jinsi ya kuhamisha saa. Usiruke siku, wala usimeze viwili kufidia. Anayemeza mara mbili kwa siku au mwenye dawa nyingine za ziada asipange mwenyewe, akaulize. Na kama unatumia vidonge vya kuongeza damu au vya kalsiamu, mwambie muuguzi, kwa sababu vikimezwa pamoja na ARV tumbo likiwa tupu vinaweza kupunguza nguvu yake.

Kumbuka pia mtoto hafungi. Dawa yake ya maji ya kinga apewe kwa saa yake, iwe mchana au usiku.

Na wewe mama, je, ni lazima ufunge? Sheria yetu ina huruma. Mama anayenyonyesha akihofia nafsi yake au mtoto wake ameruhusiwa kula. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, akihofia nafsi yake atalipa siku zake tu. Akimhofia mtoto peke yake, atalipa na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Muulize sheikh unayemwamini, kwa sababu hali za watu hazilingani. Ukiona maziwa yanapungua, kizunguzungu kinakushika au mtoto hakojoi kama kawaida, usijikaze ili majirani wakuone mwanamke wa ibada. Ruhusa imewekwa kwa ajili ya watu kama wewe.

Mwacheni mama ale mchana bila kumuuliza. Nyinyi vijana wa nyumbani, ukimwona wifi yako anakunywa maji saa nane, kazi yako ni moja: kumuongezea.

MAMBO YA KUSHIKA

Nitayataja kwa ufupi ili muyaandike:

1. Mama ameze dawa zake kila siku, na apimwe wingi wa virusi kama kliniki inavyopanga. Kipimo hicho ndicho kinachokuambia maziwa yako yako salama kiasi gani.

2. Mtoto apewe dawa ya kinga tangu kuzaliwa, kwa muda atakaoambiwa mama. Usiikatize kwa kuwa mtoto "anaonekana mzima".

3. Mtoto apimwe wiki ya sita, miezi sita na mwaka mmoja, kisha miezi 18, na apimwe tena baada ya kuacha kunyonya. Akikutwa na virusi, aanzishiwe dawa mara moja na aendelee kunyonya.

4. Chuchu zikipasuka au ziwa likivimba na kuuma, nenda kliniki siku hiyohiyo. Mnyonyeshe kwa ziwa zima, na lile bovu ulikamue. Mtoto akiwa na utandu mweupe kinywani, naye atibiwe.

5. Kuachisha ziwa kufanywe polepole, kwa muda wa mwezi hivi. Kukatiza kwa siku moja ni vibaya kwa mama na kwa mtoto.

6. Mama ambaye hana virusi arudie kupimwa wakati ananyonyesha, na mumewe pia. Mama akiambukizwa katika kipindi hicho, virusi huwa vingi sana mwilini mwake na mtoto huwa katika hatari kubwa, na mama mwenyewe hana habari. Enyi waume mnaofanya kazi mbali, na wenye mke zaidi ya mmoja, hili ni lenu.

NA ANAYETAKA MAZIWA YA MKEBE?

Ni haki yake, na asilaumiwe. Yapo mazingira yanayofaa. Lakini afanye hesabu kwanza. Mtoto anahitaji karibu kilo 20 za maziwa ya unga katika miezi sita ya kwanza, yaani mikebe 40 ya gramu 500. Ahitaji maji safi, kuni au gesi ya kuchemshia kila mara, hata usiku wa manane, na kikombe kinachooshwa vizuri, maana chupa ya kunyonya ni vigumu kuitakasa. Awe na watu nyumbani watakaomuunga mkono. Akishaamua hivyo, asichanganye na ziwa. Asinunue kwa sababu ya tangazo lenye mtoto mnene. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 imepiga marufuku kuyanadi maziwa hayo, maana wengi walishawishiwa hivyo.

Kwa wengi wetu wa hapa mashambani, kwenye miwa, kahawa na chai, ziwa pamoja na dawa ndiyo njia yenye usalama zaidi.

BABA, MAMA MKWE NA JIRANI

Sasa turudi kwa yule mama wetu wa karibu na reli. Anahitaji nini? Dawa anayo. Maziwa anayo. Elimu alipewa kliniki. Kinachomshinda ni kwamba amebeba kila kitu peke yake. Angekuwa na mtu mmoja wa kumwambia mama mkwe, "Mama, daktari amesema ziwa tu, tumwachie," uji usingepikwa. Angekuwa na mtu mmoja wa kumkumbusha kidonge baada ya futari, siku zile tatu zisingepotea.

Mtu huyo wa kwanza ni mume. Wewe kijana unayeoa, nenda na mkeo kliniki. Pimeni pamoja. Sheria ya ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu na baba wiki mbili. Zitumie wiki hizo nyumbani. Na miezi mitatu ikiisha, bado mtoto anahitaji miezi mitatu mingine ya ziwa peke yake. Mama anayechuma chai kwa kulipwa kwa kilo atafanyaje? Mjifunze wote wawili kukamua maziwa na kumpa mtoto kwa kikombe. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa akina mama kunyonyesha au kukamua. Ulizeni kazini kwenu kama papo.

Mama unayeogopa kumwambia mumeo, hofu yako naielewa. Wapo waliopigwa, wapo waliofukuzwa. Usijitose peke yako. Waambie wauguzi, kuna washauri na akina mama wenzako wenye virusi waliokwisha kupita njia hiyo, na wanaweza kukaa nanyi wawili mkazungumza.

Mama mkwe, wewe una heshima na neno lako linasikika. Hauhitaji kuijua siri ya mkweo ili umsaidie. Mtoto yeyote, mama awe na virusi au asiwe navyo, anahitaji ziwa tu kwa miezi sita. Ukilisimamia hilo kwa wajukuu wako wote, hakuna atakayejulikana na wote watalindwa. Hebu fikiri sitara ilioje hiyo!

Na jirani je? Miaka ile ya maziwa ya mkebe, kila aliyeonekana na chupa alinyooshewa kidole. Leo bado wapo wanaohesabu nani ameingia mlango gani wa kliniki. Ndugu yangu, umefunga chakula tangu alfajiri, kisha ukifika Alasiri unaila nyama ya mwenzako kwa kumsengenya? Na kama humuogopi Mola wako, basi jua kwamba sheria ya UKIMWI ya mwaka 2006 imekataza kutangaza hali ya mtu bila ridhaa yake.

Mtoto ni amana. Mama ndiye anayemnyonyesha, lakini amana hii tumekabidhiwa nyumba nzima, na tutaulizwa sote. Usiku huu baada ya kufuturu, kabla hujaondoka kwenye mkeka, muulize mkeo, dada yako au mkweo: "Umekula? Umemeza dawa zako? Nikushikie mtoto?" Usimuulize dawa za nini.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) awape afya akina mama wetu, awahifadhi watoto wetu, azikubali saumu zetu na zao wale waliokula kwa udhuru. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.